Dada wa Mufindi aliyeuliza kuhusu kupima kansa ya matiti, jibu langu hili hapa

Kuna dada ameniandikia kutoka Mufindi, nimeona nimjibu kwa urefu maana swali lake ni la wengi. Naliweka kwa kifupi, vitu vya kumtambulisha nimevitoa.

"Shikamoo dokta. Nina miaka 42, watoto watatu, nauza mitumba. Mdogo wangu yuko Dar ana bima ya ofisini, kila mwaka anapigwa mamogramu, ile eksirei ya matiti. Mama yetu mdogo alifariki kwa kansa ya titi akiwa na miaka 47, aligundulika kidonda kimeshatoka. Mimi nikiulizia kipimo naambiwa kama huna uvimbe rudi nyumbani, ukitaka mashine nenda Mbeya au Dar. Bima kama ya mdogo wangu sina. Mama yuko kijijini Makete, ana 66, hajawahi kushikwa titi na nesi hata siku moja. Sisi tusio na mashine tunafanyaje, tusubiri tu? Na kujipima mwenyewe bafuni kunatosha?"

Marahaba mdogo wangu, kamwene. Mi ni daktari wa upasuaji, nimefanya kazi hospitali za huku Nyanda za Juu Kusini muda mrefu, kwahiyo unachoeleza nakutana nacho wodini kila wiki. Na hasira uliyonayo ni halali kabisa, usimwombe mtu radhi. Wewe na mdogo wako mmetoka tumbo moja, mama mdogo aliyefariki ni wenu wote, historia ya ukoo ni ileile, ila mmoja anakumbushwa tarehe ya kipimo kwa meseji na mwingine anaambiwa arudi nyumbani.

Hili liko dunia nzima na namba zake zinauma. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa hesabu kwamba kwenye nchi zilizoendelea sana mwanamke 1 kati ya 12 atagundulika na kansa ya titi maishani mwake na 1 kati ya 71 ndo atakufa nayo, wakati kwenye nchi zenye maendeleo ya chini anayegundulika ni 1 kati ya 27 tu lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Soma tena taratibu. Wao wanaugua zaidi, sisi tunakufa zaidi. Alafu angalia Marekani, kule wanawake weusi wanaugua pungufu kidogo kuliko weupe lakini wanakufa kwa takribani asilimia 40 zaidi, na mashine za mamogramu ziko kila mji. Kwahiyo mashine kuwepo ni jambo moja, na mwanamke kufikishwa mpaka mwisho wa matibabu ni jambo lingine, na hapo ndo nataka tukae kidogo.

Wanawake wengi niliowaona wakifa huku, mamogramu siyo iliyowakosesha uhai. Uvimbe waliugusa wenyewe mapema tu, wakaoga nao, wakalala nao. Anamuonesha dada yake anaambiwa hayo ni maziwa yameganda, haliumi achana nalo. Anaenda zahanati anapewa dawa za jipu za siku saba, zinaisha uvimbe upo, anapewa nyingine. Unaingia msimu wa kuvuna viazi, mume naye yuko Tunduma kwenye biashara, wanakubaliana wasubiri parachichi ziuzwe ndo nauli ipatikane. Akifika hospitali ya wilaya anafanyiwa ultrasaundi, anaambiwa inatakiwa kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima maabara, anayechukua yupo wiki ijayo, kinyama kinasafirishwa, majibu hayarudi, akipiga simu haipokelewi. Kila kituo kinakula mwezi au miwili na hakuna hata mmoja pale njiani anayejiona amemchelewesha mtu. Ukijumlisha mwaka umekatika, na uvimbe uliokuwa unateleza chini ya kidole sasa umeshika ngozi na kwapani kuna matezi.

Ndo maana WHO walipoanzisha mpango wao wa kansa ya matiti mwaka 2021 waliweka malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike hatua ya kwanza au ya pili, mgonjwa apate jibu kamili la ugonjwa ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 wamalize matibabu. Hizo siku 60 zikariri kabisa mdogo wangu, nitakwambia pa kuzitumia. Na WHO haohao wanasema wazi kwamba nchi ambayo mfumo wake wa afya bado ni dhaifu ianze na kuwawahi wenye dalili kabla ya kukimbilia mamogramu kwa kila mtu, kwa sababu mashine inachofanya ni kutoa picha yenye kivuli, kivuli hicho kinahitaji mtu wa kukisoma, wa kuchoma sindano, maabara ya kukata kinyama, chumba cha upasuaji, dawa na mionzi. Ukikosa vya nyuma ya mashine unampa mama wa watu habari mbaya na kumuacha nayo.

Sasa wewe mwenyewe. Mama mdogo kufariki na 47 kunapandisha hatari yako, ila kidogo tu, usikae unalala macho. Ningeongea tofauti kabisa kama na mama yako mzazi au dada yako angekuwa ameugua, au kama kwenye ukoo kuna aliyeugua kansa ya ovari, au mwanaume aliyeugua kansa ya titi, maana hapo tunaanza kufikiria vinasaba vinavyoitwa BRCA na kupima kunaanza mapema zaidi. Kaa na mama siku moja umuulize ukoo mzima, upande wa baba pia, watu wanausahau upande wa baba wakati vinasaba hivyo vinapita kwa baba vilevile. Kwa umri wako mamogramu inakufaa. Marekani jopo lao la taifa la ushauri wa vipimo linashauri kuanzia 40 mpaka 74 kila baada ya miaka miwili, Uingereza wao wanaita wanawake wa 50 hadi 71 kila miaka mitatu, kwahiyo mdogo wako anayepigwa kila mwaka yuko juu ya hata hao, wewe usijione umeachwa mbali kihivyo. Ukiweza kwenda mara moja ndani ya mwaka huu, alafu tena baada ya miaka miwili, uko vizuri.

Ila nenda kwa akili. Piga simu kwanza, uliza mashine inafanya kazi wiki hiyo, uliza msomaji wa picha yupo na majibu yanatoka lini, maana mtu anaweza kusafiri toka Mufindi akafika akakuta fundi anasubiriwa. Nenda wiki inayofuata baada ya hedhi kuisha, matiti yanakuwa hayaumi sana yakibanwa. Siku hiyo usipake deodoranti wala poda wala losheni kwapani na kifuani, inaonekana kwenye picha na kuwachanganya. Vaa blauzi na sketi. Omba picha zako kwenye CD, siyo karatasi ya majibu tu, ili picha ya miaka miwili mbele iwe na ya kulinganishwa nayo. Na wakikwambia matiti yako ni mazito, yaani tishu imeshonana, ndivyo yalivyo kwa wengi wa umri wako na mamogramu inaweza kupitiwa na kitu hapo, omba waongeze ultrasaundi.

Kujipima bafuni. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Shanghai, China, walifanya utafiti mkubwa kwa wanawake karibu 266,000 wa viwanda vya nguo, nusu wakafundishwa kujipima kila mwezi na kukumbushwa kwa miaka, majibu yakatoka 2002, vifo havikupungua, kilichoongezeka ni vinyama vilivyochukuliwa kwa uvimbe ambao haukuwa kansa. Kwahiyo lile zoezi la kila tarehe fulani kwa kanuni, ukikosa unajilaumu, mi silisisitizi. Ninachosisitiza ni uyajue matiti yako yalivyo siku za kawaida, unapooga, unapovaa, ili kikibadilika kitu ujue: uvimbe hata usiouma, na usiouma ndo wa kuufuata zaidi, chuchu iliyokuwa nje sasa inaingia ndani, damu au majimaji kwenye chuchu moja wakati hunyonyeshi, ngozi inayokunjamana au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, uvimbe kwapani, wekundu usioisha kwa dawa. Ukiona kimojawapo usisubiri hedhi tatu. Hedhi moja ikipita kipo, nenda. Uvimbe mwingi wa titi siyo kansa, hilo nakuhakikishia, lakini hakuna mtu duniani anayejua upi ni upi kwa kuushika tu, hata mimi.

Kwa mama yako Makete jibu langu ni mkono wa mtu aliyefundishwa, na hili nalisema kwa msisitizo maana watu wanaona ni kipimo cha maskini. Mumbai, India, walichukua wanawake kama 150,000 wa miaka 35 hadi 64, nusu yao wakapimwa matiti kwa mkono kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa kike, hawakuwa madaktari, walikuwa na elimu ya sekondari na mafunzo mazuri. Matokeo ya miaka 20 yalitoka 2021. Kansa ziligundulika hatua za mapema zaidi, na kwa wanawake wa miaka 50 kwenda juu vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya 50 faida kwenye vifo haikuonekana, sikufichi. Lakini mama ana 66, umri ambao kansa hii inazidi kupanda, na kipimo chenyewe hakihitaji umeme.

Na ujue kinavyotakiwa kufanyika ili usidanganywe kwa kubonyezwa juu ya gauni. Anakaa kwanza kifua wazi, mikono kiunoni, alafu mikono juu ya kichwa, mpimaji anaangalia tu bila kugusa kama titi moja linavutika au chuchu zimetofautiana. Kisha analala chali, mkono wa upande unaopimwa nyuma ya kichwa. Mpimaji anatumia sehemu laini za vidole vitatu vya kati, siyo ncha, anazungusha viduara vidogo, kwanza juujuu, alafu kwa kugandamiza kidogo, alafu mpaka anazihisi mbavu, palepale kabla hajasogea. Anashuka mstari toka kwenye mtulinga mpaka chini ya titi, anapanda mstari wa pembeni yake, hivyohivyo toka katikati ya kifua mpaka kwapani, bila kuacha nafasi. Mwisho kwapa lenyewe na juu ya mtulinga, maana matezi yanajificha huko. Kazi hiyo ikifanyika vizuri inachukua dakika kadhaa kila titi. Akimaliza ndani ya sekunde thelathini hajapima.

Anaipata wapi huko Makete? Hapa kuna kitu cha mikoa yetu ambacho wengi hawakioni. Utafiti wa taifa wa 2022 hadi 2023 ulionesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, tuko juu kuliko sehemu nyingi za nchi. Kwa sababu hiyo hela nyingi imekuja huku kwa miaka, na sehemu ya hela hiyo ilienda kwenye kupima kansa ya mlango wa kizazi, kwahiyo vituo vingi vina chumba chenye kitanda, taa, pazia na nesi aliyefundishwa kupima mlango wa kizazi kwa kupaka siki, na mara nyingi nesi huyohuyo amefundishwa kupima matiti. Wanawake wengi wasio na VVU hawaingii kile chumba, wengine wanaogopa kuonekana mlango wa CTC, kliniki ya wenye VVU, wengine wanadhani haiwahusu. Inawahusu. Mwambie mama aende kituo cha afya au hospitali, aulize siku ya kupima saratani ya mlango wa kizazi, na akiwa palepale aombe apimwe na matiti. Aombe kwa mdomo wake, asisubiri kuambiwa. Na kama hapendi kwenda peke yake waende kikundi, kina mama wa kanisani au wa vikoba, watano sita pamoja, hata nesi anajipanga akijua wanakuja.

Sasa tuseme, Mungu aepushe, uvimbe umeonekana, wako au wa mama au wa jirani. Hapo ndo zile siku 60 zinaanza kuhesabiwa na hapo ndo utumie nguvu zako zote na nauli yako yote. Andika tarehe uliyofika kituoni mara ya kwanza. Ukipewa dawa za jipu na baada ya wiki mbili uvimbe upo, usikubali dozi ya pili, omba rufaa ya ultrasaundi na kinyama. Kinyama kinachukuliwa kwa sindano nene kidogo baada ya ganzi, siyo lazima ukatwe titi ndo wajue. Na mara nyingi huku unakabidhiwa kopo upeleke maabara mwenyewe, kwahiyo lishike kopo ulitazame: ndani kuwe na dawa ya formalini inayokifunika kinyama chote, kinyama kikisafiri kikavu au kwenye maji kinaoza na hakisomeki, na juu ya kopo pawe na jina lako kamili, tarehe na upande, kushoto au kulia, na fomu ifanane na kopo. Uliza kinaenda maabara gani, namba yake ya usajili ni ipi, na majibu yatoke lini. Ikiwa ni kansa uliza pia vipimo vya homoni na cha HER2, protini inayoangaliwa kwenye kinyama hichohicho, maana bila hivyo daktari anachagua dawa kwa kubahatisha.

Najua pia kuna maneno kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Nayasikia kila siku, tena kutoka kwa watu wenye akili zao, na siwalaumu, walimuona shangazi yao akienda hospitali, akapasuliwa, akafa mwaka huohuo. Alienda akiwa amechelewa, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini au mifupa kabla ya kisu. Sindano ya kinyama haikuzidishii siku za hatari, kuisubiri ndo kunazidisha.

Hela. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, kwa miaka imekuwa ikiishia hospitali ya rufaa ya mkoa, na kansa inaanzia pale kadi inapoishia, hilo ni tatizo la kweli na nalisema waziwazi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inategemewa na mikoa saba, Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma, na mionzi kwa miaka watu wetu wameifuata Ocean Road Dar, toka Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 800, siyo ya siku moja, ni wiki kadhaa za kukaa kwa ndugu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni 2023, fuatilia kwa mtendaji wako usajili umefikia wapi. Kwa sasa asiyejiweza ana haki ya kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, aende na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, aende kabla ya kulazwa maana akishadaiwa inakuwa ngumu. Watu wengi wanaona aibu kwenye huo mlango. Hakuna aibu pale, ule mlango umewekwa kwa ajili yao.

Kitu kingine kinachoniuma ni hizi kambi za upimaji bure. Nazishukuru, za mwezi wa kumi, mwezi wa uhamasishaji wa kansa ya matiti, na hata za madaktari bingwa wa Mama Samia, zimeokoa watu. Lakini angalia nani anawahi foleni: wafanyakazi wenye bima, walioona tangazo kwenye grupu la WhatsApp, wanaokaa karibu na lami. Mchuma chai kibarua anayelipwa kwa kilo akija kambini siku hiyo hajala, mama wa Lupingu kule Ludewa kando ya ziwa anasikia kambi ilikuwepo wakati wageni wameshaondoka. Kambi ikija kwenu chukua jukumu, wapelekee taarifa wanaokaa vijiji vya ndani siku tatu kabla, na uliza waandaaji swali moja mbele za watu: atakayekutwa na uvimbe leo, kinyama chake kitachukuliwa na nani na lini? Swali hilohilo mpelekee diwani akamuulize mganga mkuu wa wilaya kwenye baraza, tangu mwanamke anafika na uvimbe mpaka majibu ya kinyama yanarudi, hapa kwetu ni siku ngapi? Mashine ya mamogramu ni gharama na kuisubiri kunaweza kuchukua miaka, ila sindano za kinyama, formalini, ratiba ya gari la kupeleka vinyama kila wiki na simu ya kurudisha majibu ni vitu ambavyo halmashauri inaweza kuvipanga kwenye bajeti ya mwaka mmoja.

Kwahiyo fanya hivi: mama aanze kwanza, mwezi huu, kabla mvua hazijaharibu barabara, wewe panga mamogramu yako ukishapata uhakika wa simu, na mpigie mdogo wako wa Dar umwambie mchangiane nauli ya mama, nina hakika hatakataa. Kila karatasi mtakayopewa, majibu, fomu ya rufaa, namba ya kinyama, ipige picha palepale umtumie mdogo wako aitunze na yeye, maana faili zinapotea na daktari wa hospitali inayofuata atazitaka zote. Mama akishapimwa niandikie walichomwambia.